Mwendo wa Kiasi Somanda

Tuliingia Somanda, mjini Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, baada ya sala ya Alasiri, kwa barabara ya lami itokayo Lamadi. Mwenzangu aliendesha Toyota Vitz RS yake: motokaa ndogo, nyepesi, ya injini ya lita 1.5, yenye tumbo lililo karibu na ardhi. Juu ya lami huruka kama swala, na kijana aliyeshika usukani husahau wenye baiskeli, wachunga ng'ombe, na watoto watokao madrasa.

Tulipoiacha lami, mvua ikanyesha. Udongo mweusi wa mbuga ukageuka utelezi, motokaa ikanasa. Waliotusukuma ni wale wale tuliowapigia honi kwa kiburi. Tuliona haya.

Luqman alimuusia mwanawe ashike mwendo wa kiasi na kupunguza sauti. Leo ziko motokaa za umeme, kama Nissan Leaf iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, hazina ngurumo. Lakini mwenda kwa miguu huenda asizisikie zikija, basi kiasi chawapasa wenye nazo zaidi. Motokaa ni neema. Roho ya mpita njia ni amana.