Nguzo za Mchanga za Isimila

Mtu akaaye Uyole, mahali iachanapo njia ya Tukuyu na ile ya Iringa, huzoea baridi, mvua na mashamba mabichi. Kwa hiyo mwanangu, kijana wa miaka kumi na mmoja, hakusadiki nilipomwambia ya kuwa katika nyanda hizi hizi zetu za juu liko korongo kavu lenye nguzo za mchanga zilizosimama kama minara, wala hapana fundi aliyezijenga.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Tukapita Makambako na Mafinga, na zilipobaki kama kilomita 20 kufika Iringa tukashuka, tukashika njia ya vumbi iendayo Isimila. Tulisali Adhuhuri na Alasiri pamoja chini ya mti, kwa kupunguza kama ilivyo ruhusa ya msafiri, kisha Bwana mlinzi akatutembeza.

Alitueleza kwamba zamani mahali pale palikuwa na ziwa lisilo na kina kirefu. Mchanga na udongo ulituama humo tabaka juu ya tabaka. Ziwa lilipokwisha, maji ya mvua yalianza kuchimba korongo. Palipokuwa laini pakaliwa. Palipofunikwa na tabaka gumu, mfano wa kofia, pakasalia nguzo. Tulisimama chini yake tukajiona wadogo mno.

Mvua hiyo hiyo ndiyo iliyofichua mawe yaliyochongwa na watu wa kale. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Johannesburg aliyaona korongoni akayatambua. Na katika miaka ya 1957 na 1958 wataalamu walioongozwa na F. Clark Howell walikuja kuchimba. Walipata mashoka ya mkono mengi sana, mengine mazito hata yataka mikono miwili kuyainua, na mifupa ya wanyama, miongoni mwao kiboko wa aina iliyokwisha toweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Kwanza ilidhaniwa kwamba mawe yale yana umri wa miaka 60,000. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kama miaka 260,000.

Jua lilikuwa linashuka tuliporudi barabarani kungoja gari. Ndipo nilipoona mfuko wa mwanangu umelemea. Nilipomwuliza, alitoa jiwe lililochongwa pande mbili, likachongoka ncha. Akasema, "Baba, yako mengi mno. Nilidhani moja halitapungua." Mara basi likatokea, nalo huenda lilikuwa la mwisho siku ile. Nililiacha lipite.

Tulirudi kwa miguu. Kijana akamwamkia mzee shikamoo, akamkabidhi jiwe kwa mikono miwili. Mlinzi hakugomba, ingawa sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yakataza jambo lile. Alimwuliza neno moja tu: "Ulilitoa wapi?" Mtoto akatazama huku na huku asiweze kuonyesha. Mzee akasema kwa upole, "Mwanangu, jiwe limerudi, lakini mahali pake hapakurudi. Lilipolala ndipo palipotuambia ni la zamani gani, na lilikuwa na nini jirani yake. Sasa ni jiwe tu." Mtoto akalia, nami sikumzuia.

Tulifika Iringa usiku mwingi, kwa hisani ya dereva wa lori. Njiani nilifikiri: mvua italila korongo lile mwaka hata mwaka, na nguzo zile nazo zitaanguka siku moja; hilo hatuwezi kulizuia. Lakini mkono wa mwanadamu waweza kuzuiwa, na wa kuuzuia kwanza ni sisi wazazi. Nilimfundisha mwanangu tangu utotoni asiguse mali ya jirani. Sikupata kumwambia kwamba kitu kisicho na mwenyewe machoni petu ni amana pia, ya wale watakaokuja baada yetu. Kosa lile, basi, nusu yake ilikuwa yangu.

Ukipata nafasi, nenda Isimila na watoto wako. Lakini waambie hayo kabla ya kuondoka nyumbani.