Kamera ilipopiga hodi Section 58

Mpenzi msomaji, iwapo umewahi kutazama video ya wimbo kwenye televisheni ukadhani kuwa wanamuziki hutokea tu barabarani, wakacheza na kwenda zao, basi fuatana nami hadi Section 58, Nakuru. Huko nilishinda siku nzima ya Jumamosi na wanafunzi watano wa chuo waliokuwa wakipiga picha za wimbo wao wa kwanza.

Section 58 uko upande wa mashariki wa Nakuru, karibu na barabara kuu iendayo Nairobi. Humo utaona nyumba zenye malango ya chuma, na hatua chache kutoka hapo vibanda vya mboga na mandazi. Ukigeuka kaskazini, mlima wa Menengai umekukodolea macho. Yasemekana kuwa jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021, lakini vumbi halikupata habari hizo. Kila lori lilipopita, mpiga picha alikimbia kukinga kamera kwa koti lake.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua la wakati huo, nilielezwa, ni laini na halimkunji mtu uso. Wimbo ulikuwa umekwisha kurekodiwa studio. Hapo mtaani ulichezwa kwa spika, naye mwimbaji akafuatisha maneno kwa midomo. Baadaye sauti za mtaani hutupwa, na picha hulinganishwa na wimbo wa studio. Wimbo ni wa dakika tatu tu, lakini waliurudia mara kumi na moja: mara wakipigwa picha kwa mbali, mara kwa karibu, mara miguu peke yake. Kufikia saa tatu, watoto wote wa ujirani walikuwa wameukariri.

Hata hivyo, wahenga walinena kuwa mipango si matumizi. Vijana hao walikuwa wamechanga pesa za kukodi gari la kifahari. Walitaka mwimbaji ashuke mbele ya lango kubwa, avae miwani myeusi, aonekane ameukata. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mwenye gari hakuonekana, na simu yake ilikuwa imezimwa. Malipo ya awali nayo yalikuwa yamekwenda na maji.

Nilikaa nao kwenye ukingo wa barabara. Wimbo wenyewe, msomaji, ulikuwa unamsifu mama aliyeuza mandazi ili mwanawe asome. Nikauliza, "Gari lingefanya nini katika wimbo huu?" Hakuna aliyenijibu. Kisha mwimbaji akasema polepole kuwa mama mwenyewe yuko hapo mbele, kibandani.

Barabara iliyokuwa mbele yetu ina kumbukumbu yake. Machi 16, 2003, mwanamuziki E-Sir alifariki katika ajali ya gari alipokuwa akirejea Nairobi baada ya tamasha Nakuru. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Kijana huyo wa South C aliwapendeza wengi kwa kughani Kiswahili cha mtaani kwake, bila kujifanya mtu wa kwingine. Wanafunzi hawa wengine walikuwa hawajazaliwa, lakini nyimbo zake wanazijua. Mmoja wao akanong'ona, "Yeye aliimba kwao. Sisi tunakimbia kwetu."

Tukaenda kibandani. Mama alikuwa ameinamia karai. Alipoelezwa haja yetu, uso wake ulibadilika.

"Mnataka watu waone umaskini wangu?" akauliza.

"La, Mama," mwanawe akajibu. "Nataka wakuone wewe."

"Basi mbona asubuhi yote ulikuwa unangoja gari?"

Kijana aliinamisha kichwa. Nakiri kuwa hata mimi niliona haya, kwani nilikuwa nimekwisha kufungua daftari langu kabla ya kumwomba ruhusa.

Mama aliomba asikizwe wimbo kwanza. Ukachezwa mara moja, wote tukiwa kimya, mafuta yakichemka. Ulipokwisha, alifuta mikono na kutoa masharti matatu: akabadili nguo avae ile ya kanisani, mlango wa nyumba yake usionekane, na picha azitazame yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwelekezi akakubali papo hapo.

Alirudi na gauni la buluu na leso mpya. Hakuigiza hata kidogo. Alisukuma unga, akakata, akatumbukiza vipande katika mafuta, na wateja wakaja kama kawaida. Mwanawe aliimba akiwa amesimama kando yake. Waliurudia mara mbili tu. Mara ya pili, mama alimpa andazi la moto katikati ya ubeti, na kijana akaungua ulimi. Mama akacheka. Kipande hicho, mwelekezi aliapa, hakikatwi.

Jioni, kwenye skrini ndogo ya simu, mama alitazama kila picha. Moja aliikataa kwa kuwa ilionyesha mlango. Ilifutwa mbele ya macho yake. Zilizobaki alizitazama tena, kisha akasema, "Sasa hapo mimi ni mtu."

Mpenzi msomaji, siku hizi karibu kila mtu ana kamera mfukoni, na ni rahisi kumpiga picha mama muuza mboga au mzee wa mkokoteni ili tusifiwe kwa kuwa na huruma. Wewe mwanafunzi unayepanga video yako, na wewe mzazi unayemtazama mwanao akiipanga, kumbukeni masharti yale matatu. Picha ya mtu ni mali yake. Piga hodi kwanza, usubiri hadi ukaribishwe.