Meno ya Tairi Yalimdanganya Mwanangu

Gari jipya likiingia uani kwako, wewe hutazama nini kwanza? Wengi hutazama rangi. Wengine huchungulia viti, na vijana hutega sikio wausikilize mngurumo wa ekzosi. Mimi huinama. Hupiga magoti mavumbini nikaangalia matairi, na kwa tabia hiyo nimechekwa na majirani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Nina sababu zangu. Marehemu baba alikuwa mkata akala hapa sokoni Kabati. Watoto saba tulilishwa na kusomeshwa na matairi mabovu, na sisi ndio tuliomshikia mpira alipokuwa akiukata kwa kisu kilichotiwa maji. Alilipenda tairi la nyuzi za nailoni. Lile la nyuzi za chuma hakulitaka, kwani waya huchomoza siku moja na kumtoboa mwenye kiatu. Lakini kabla ya kutoa hata shilingi, alikuwa na desturi moja. Aliupinda mpira kinyumenyume na kutazama ndani ya mifereji, kule chini kabisa kati ya jino na jino. Akiona mistari myembamba kama nywele, alimrudishia mwenyewe. "Huu umeshakufa," alisema, hata kama meno yalikuwa marefu vipi. Mpira hufa kama kibuyu kilichosahauliwa juani. Kwa macho ni kizima, ukikigonga, kinapasuka.

Basi Desemba ya mwaka 2022 kifungua mimba wangu alikuja nyumbani kutoka Nairobi na Subaru Impreza ya buluu, kuku wakatawanyika na watoto wa jirani wakaparamia ua. Wajuzi wataniambia kwamba Impreza ya kawaida si gari la mbio kamili. Kweli, lakini mwambie hayo kijana aliyezaliwa mwaka 1997, mwaka ambao Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Subaru! Babake alimpa hadithi hiyo badala ya hadithi za sungura na fisi. Ukutani kwake alibandika pia picha ya Paul Walker, yule mwigizaji wa filamu za magari ya kasi. Gari hilo alilinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na kwake lilikuwa gari la mbio, basi.

Niliinama. Matairi yalikuwa mapana, yameng'arishwa kwa mafuta yakawa meusi ti, na meno yake yalikuwa marefu. Nilipitisha ukucha ndani ya mfereji. Mistari ilikuwepo.

"Mwaitu, matairi haya yamekuja na gari kutoka Japani," akaniambia huku akicheka. "Tazama meno! Haya yatamaliza miaka mitatu."

Nikamwomba anisomee nambari nne zilizo ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Zilikuwa 1114. Hizo, ndugu msomaji, ndizo cheti cha kuzaliwa cha tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi yale yalitoka kiwandani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Yalikuwa na miaka minane na ushei. Sheria yetu hairuhusu gari kuukuu lililozidi miaka minane kuingia nchini, lakini mnunuzi wa kawaida huuliza umri wa gari, hakumbuki kuuliza umri wa matairi.

Nilisema mara moja, nikasema mara ya pili. Mume wangu akamtetea kijana, shemeji naye akadakia kwamba mzee wangu alikuwa fundi wa viatu, si wa magari. Nikanyamaza ili Krismasi isiharibike. Mpaka leo kunyamaza huko kunanikera.

Siku chache baadaye tulikuwa na safari ya kupeleka ntheo kwa wakwe wa mpwa wangu, upande wa Mutomo. Tulikuwa watano ndani ya gari, nami nimekaa mbele. Buti limejaa sukari, unga na mablanketi hata likainama. Hakuna aliyefikiria kuongeza upepo. Barabara ya kutoka Kitui kwenda Mutomo, ambayo miaka ya nyuma ilikuwa vumbi na makorongo, siku hizi ni lami laini, na lami laini humtekenya kijana mguu. Jua lilikuwa la saa saba mchana, lile la Ukambani ambalo mbuzi wenyewe hulikimbia. Nilichungulia mshale wa kasi: 130. Sheria hairuhusu kasi hiyo. Nikafungua mdomo kusema.

Kabla sijasema nilisikia mlio wa kupiga-piga upande wa nyuma, kama mtu anayechapa ngoma kwa kandambili. Ilikuwa ngozi ya tairi ikibanduka. Halafu mshindo. Gari lilipiga mkia kulia, likapiga mkia kushoto, likaiacha lami na kuingia kwenye vichaka vya miiba, nalo likasimama huku limeegemea kichuguu. Vumbi lilipotulia nilisikia sauti ya kitindamimba wangu kiti cha nyuma. Hakuwa amefunga mkanda.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ajabu ni kwamba asiyesikia hakuvunjika kitu. Aliyevunjika mkono mahali pawili ni dadake, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akijifunza ushonaji, ambaye hakuwa na neno lolote katika ubishi wa matairi. Alitiwa chuma mkononi. Hadi sasa hawezi kuuinua mkono ule kupita bega, na mkasi mkubwa hukatia kwa mkono wa kushoto.

Sitaki nimtupie tairi lawama zote. Kasi ilikuwepo, mzigo ulikuwepo, upepo ulikuwa haba. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, kujikunja huko huzaa joto, na joto huachanisha matabaka yaliyogandishwa kiwandani. Mpira wa kijana huvumilia kiasi. Wa mzee hauvumilii. Hata huyo Paul Walker, aliyefariki Novemba 2013 huko California akiwa abiria katika Porsche Carrera GT, wachunguzi walisema chanzo kilikuwa kasi, lakini wakaongeza kwamba matairi ya gari lile la fahari yalikuwa na miaka tisa. Kijana wangu alikuwa na picha yake ukutani miaka yote na hakuijua habari hiyo. Nilimsomea nikiwa nimeketi kando ya kitanda cha dadake.

Januari tulikwenda pamoja kununua matairi. Nilikataa aende peke yake.

Muuzaji alianza kwa kutuletea matairi ya mtumba "yenye meno ya kutosha". Nikamwambia ayarudishe alikoyatoa. Akaleta mapya, yamefungwa karatasi. Nikatafuta cheti cha kuzaliwa: mwaka 2018. "Lakini mama, hayajawahi kukanyaga lami!" Sawa, hayajakanyaga, ila umri hauhesabiwi kwa kilomita peke yake. Tangu kile kiwanda cha Nairobi kilichoanza enzi za Firestone kisimamishe utengenezaji mwaka 2016, matairi yetu husafiri baharini na kulala maghalani kabla ya kutufikia, kwa hiyo mpya wa dukani huenda akawa si mpya wa kiwandani. Watengenezaji wakubwa husema tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano na liondolewe likifika kumi hata kama linaonekana zima. Kwa jua letu mimi nimejiwekea sita. Ukiniona mbadhirifu, sawa.

Ndipo ukaja ubishi mtamu. Kijana alitaka aina ya michezo, ile ambayo ubavuni pameandikwa TREADWEAR 200. Nambari hiyo huonyesha jinsi tairi linavyostahimili kuliwa na barabara. Ikiwa ndogo, mpira ni laini, hushika lami kama mjusi anavyoshika ukuta, lakini huisha upesi. Yenye nambari kubwa sana hudumu, ila mengine huwa magumu na mvua ikinyesha huteleza. Hapa, ndugu msomaji, ndipo mtu huchagua kati ya kasi na kudumu, na muuzaji hatakuchagulia kwa haki. Tulichukua ya katikati, 400, yenye TRACTION A na TEMPERATURE A. Herufi ya kwanza hupima breki kwenye njia iliyolowa, tena iliyonyooka, wala haisemi lolote kuhusu kona. Ya pili hupima ustahimilivu wa joto, na A ndiyo ya juu. Kwetu, mahali ambapo mvua ya Novemba huikuta lami imelala miezi na vumbi na mafuta, herufi hizo mbili zina maana kuliko jina la kampuni. Nambari ile ya kudumu kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo usilinganishe sana ya huyu na ya yule.

Ukubwa nao ulitutoa jasho. Gari lilikuja na 205/50R17 89V: upana milimita 205, ubavu ni asilimia 50 ya upana huo, rimu ya inchi 17, uwezo wa kubeba kilo 580 kila tairi, na V ni kasi ya hadi kilomita 240 kwa saa. Ubavu ule mfupi unapendeza, lakini kutoka lami hadi boma letu kuna mwendo wa mawe na makorongo, na mawe hupasua ubavu mfupi na kupinda rimu. Fundi mmoja mzee alituonyesha kwamba Impreza za namna hiyo nyingine hutoka kiwandani na 205/55R16 91V. Kimo cha gurudumu kinapungua milimita tano tu, ubavu unaongezeka, na uwezo unapanda hadi kilo 615. Kijana aliuza rimu zake za inchi 17 huku uso umemkunjamana kama aliyefiwa, na pesa hizo zikasaidia kulipa.

Tulibadilisha yote manne kwa pamoja. Alitaka kubadilisha mawili, kwani matairi mawili mapya yalimtosha mfukoni. Fundi akamweleza kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne likivishwa matairi ya vimo tofauti, difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika hadi ijimalize, na bei yake ingenunua matairi ya miaka mingi. Nilifurahi kwamba maneno hayo yalitoka kwa mwanamume mwenye grisi mikononi, maana yangu yalikuwa yameshachujuka.

Jambo moja nusura tulisahau. Tulipofungua buti kutafuta jeki, tukaliona tairi la akiba. 2014, nalo.

Siku hizi hupima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kutoka kwenye stika iliyo mlangoni upande wa dereva, na akipakia watu huongeza kama stika inavyoagiza. Hunipigia simu kuniambia, "Mwaitu, nimepima," nami humwuliza kama nyuma wamefunga mikanda.

Yale matairi ya zamani yaliyosalia aliyarudisha nyumbani. Mkata akala wa sokoni aliyapinda, akatazama mifereji, akaniangalia na kutikisa kichwa bila kusema neno. Baadaye jirani yangu akaja kuomba mawili ayafunge kwenye mkokoteni wa punda. Nilimpa. Punda wake akijitahidi sana hufika sokoni kwa nusu saa. La tatu binti yangu alilijaza udongo akapanda sukuma, karibu na dirisha anaposhonea.