Fremu ya Babu

Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Al-Sultanah, ilisafiri kutoka Zanzibar ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili. Mkuu wa safari alikuwa Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sultani. Huko huko Marekani, Edward Mooney alimchora kwa rangi za mafuta, na mchoro huo leo uko kwenye jumba la makumbusho la Peabody Essex, Salem. Kilemba kipo, ndevu zipo, macho yapo. Zaidi ya miaka 180 imepita na bado unaweza kunyoosha kidole useme: huyu ndiye.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu picha za watu za karne ya 19, na kwa muda mrefu nilimwonea wivu Ahmad kwa niaba ya babu yangu. Babu alizaliwa Dongobesh, Mbulu, akahamia Hanang na ng'ombe wake, akazeekea Katesh. Aliacha picha moja tu, ndogo, ya pasipoti. Shangazi aliitunza kwenye bahasha ya vyeti.

Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang ulishusha tope na mawe. Watu zaidi ya 80 walifariki. Shangazi na wanawe walipona, nyumba ikabaki kuta mbili, bahasha haikuonekana tena. Kwa miezi hakuna aliyeitaja. Jirani yako akiwa amezika watoto, huwezi kulilia picha.

Mwaka jana binamu yangu alitaka kumfurahisha mama yake. Aliiandikia programu ya akili mnemba kwenye simu: mzee wa Kiiraqw, mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, ndewe ya kushoto imechanika. Ikatoka picha safi kuliko ile iliyopotea. Shangazi aliitazama sana, kisha akamrudishia simu.

"Mzee mzuri," alisema. "Ila simjui. Ukimtundika hapa, wajukuu watampa shikamoo mtu ambaye si baba yangu."

Binamu aliumia. Akanipigia mimi, msomi wa picha, niamue. Nikamsimulia kuhusu Urusi.

Ndani ya Jumba la Majira ya Baridi, St. Petersburg, kuna ukumbi uliofunguliwa mwaka 1826 kwa heshima ya majenerali waliopigana na Napoleon. Mwingereza George Dawe na wasaidizi wake walichora picha zaidi ya 300 za mafuta: medali, mabega ya dhahabu, nyuso moja moja. Waliokuwa wameshakufa walichorwa kwa kufuata picha zao za zamani. Lakini wapo 13 ambao sura zao hazikupatikana. Fremu zao zikatundikwa pamoja na za wenzao, ndani kitambaa cha kijani, chini cheo na jina. Tsar aliyekuwa na uwezo wa kuagiza uso wowote hakuazima uso wa mtu mwingine.

Binamu aliweka simu kwenye spika. Shangazi akauliza, "Na majina yao yameandikwa?"

"Yameandikwa, shangazi. Na vyeo."

"Basi inatosha."

Siku hizi sebuleni kwake kuna fremu ya mninga iliyotengenezwa na fundi wa Katesh. Ndani kuna kipande cha shuka, chini jina la babu. Mgeni akiingia huuliza ni nini kile, na Shangazi huanza: ndewe ilivyochanika, jicho lililokuwa likifumba kwa moshi wa kiko, namna alivyokohoa kabla ya kukataa jambo.

Ahmad hamhitaji yeyote ili aonekane. Babu anamhitaji Shangazi, na Shangazi ana miaka 74. Likizo hii nakwenda Katesh na kinasa sauti. Tasnifu itasubiri.