Miamba Ilivyoingia Kwenye Simu

Nilipoanza kukwea Lukenya, kile kilima cha miamba kando ya Athi River, hukwenda kabla ya kumtafuta mtu. Mara nyingi alikuwa mwanachama wa Mountain Club of Kenya, chama kilichoanzishwa 1949, naye alikuwa na kurasa zilizopigwa taipu na kudurufiwa hadi herufi zimefifia. Njia zilielezwa kwa maneno matupu: shika kushoto kwa mkuyu, fuata ufa, kata kulia penye doa jeusi. Mkuyu ukianguka, na njia imepotea, mpaka apatikane mzee anayeikumbuka.

Kifaa cha GPS kilipotufikia, miaka ya tisini, hakikusaidia sana. Marekani ilikuwa ikivuruga makusudi mawimbi ya satelaiti waliyoachiwa raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Kwenye kilima kilichojaa mawe, mita 100 ni jiwe jingine kabisa! Mvurugo huo ulikomeshwa Mei 2000. Baadaye simu zikaja na ramani, nasi tukaanza kuhamishia zile kurasa kwenye orodha za mtandaoni ambazo mtu yeyote anaweza kuziongezea.

Mahali pa mwamba palikuwa rahisi kurekodi. Kilichotugombanisha ni ugumu wa njia. Wazee walipima kwa mtindo wa Kiingereza. Njia ikiitwa Very Severe, ndani yake mna ugumu na hatari pia, yaani kama kuna pa kuchomekea kabari za kushikia kamba. Vijana wamezoea namba za Kifaransa, ambazo hupima ugumu wa kukwea peke yake. Ukiigeuza njia ya zamani kuwa 5a, kijana aliyezoea bolti zilizokwisha kupigiliwa ataiona nyepesi. Atafika katikati ya ukuta, karabina (pete ya kunasia kamba) mkononi, asione pa kuifunga. Kwa hiyo nilishikilia kwamba vipimo vyote viwili viandikwe. Walioniona mkaidi walikuwa wengi, na sijali.

Mbuga ya Hell's Gate ilileta ubishi wa namna nyingine. Fischer's Tower, ule mnara wa mawe karibu na lango, hauhitaji alama ya ramani. Kila apitaye kwa baiskeli anauona. Lakini kwenye magenge ya mbuga ile hutaga tumbusi wa Rüppell, ndege walio hatarini kutoweka. Mimi nilitaka kuta zenye viota zisiwekwe kabisa. Mwenzangu mmoja, kijana mwenye hoja, alisema: "Mzee, usipouandika wewe ataugundua mwingine, na huyo hatataja ndege." Hapo alinipata. Tukauweka ukuta kwenye orodha, na onyo la viota likawa mstari wa kwanza, juu ya jina na juu ya kipimo.