Mama, hiyo biti haijakosa mtu (Sehemu ya 7)

Leo homa na chanjo tunaziweka pembeni kidogo.

Kuna mama kliniki kaniuliza: "Nesi, mwanangu kutwa yuko kwenye kompyuta anatengeneza biti, na wala hakuna anayeimba. Hiyo nayo ni kazi?" Mdogo wangu ni wa hukohuko, nimeishi na midundo yake miaka mingi, kwa hiyo ngoja nijibu kwa wote.

Biti ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya mchanaji. Hiyo lazima iache nafasi: ngoma, besi, kipande kifupi kinachojirudia, baa 16 za mashairi, halafu kiitikio. Prodyuza akijaza vinanda kila kona, sauti ya mchanaji inazama.

Ya pili haimsubiri mtu. Mdundo wenyewe ndio unaongea. Ukijirudia dakika nne bila kubadilika, msikilizaji anachoka. Kwa hiyo kitu kiingie, kingine kitoke, ngoma zinyamaze, kipande cha wimbo wa zamani kikatwe na kugeuzwa mpaka kiwe na sauti mpya.

Sasa sikiliza hii. J Dilla wa Detroit, Marekani, aliwatengenezea biti The Pharcyde, A Tribe Called Quest na Common. Akaja kuugua TTP, ugonjwa adimu ambapo damu inaganda kwenye mishipa midogo huku chembe za kugandisha damu zikiisha mwilini. Alikuwa na lupus pia. Albamu yake ya Donuts ina vipande 31, vingi havifiki dakika mbili, na hakuna anayechana. Sehemu ya kazi hiyo aliifanyia hospitali, Los Angeles. Vidole vikivimba, mama yake, Maureen, alikuwa anamkanda mikono ili aendelee.

Albamu ilitoka tarehe 7 Februari 2006, siku aliyotimiza miaka 32. Siku tatu baadaye akafariki.

Mwaka huohuo Ghostface Killah alichana juu ya mdundo mmoja wa humo. Ukapendeza. Lakini ulishasimama bila yeye.

Mimi nimeona akina mama wengi pembeni ya vitanda, na yule mama namwelewa kabisa. Hakumuuliza mwanawe "mwimbaji yuko wapi?" Alishika mikono.

Basi mama, leo jioni kaa na kijana wako dakika tano. Muulize: "Hii ni ya mtu kuchana, au ni ya kusikilizwa hivihivi?" Atashangaa unajua tofauti, na atakueleza mengi.

Na kwa kuwa mimi ni nesi: akivaa hedifoni, sauti isizidi asilimia 60, na awe anazivua mara kwa mara masikio yapumzike. Masikio ndiyo mtaji wake. Akianza kusikia mlio usioisha, mlete hospitali mapema.

Tuonane sehemu ya 8, tunarudi kwenye uji wa mtoto.