Anayeuguza Naye Huugua

Shangazi yangu ni muuguzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini amewazalisha akina mama katika kituo kimoja cha afya karibu na Misikhu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale. Sisi watoto wa kakake tulimwona kuwa mwamba. Jirani alipozidiwa usiku, Senge ndiye aliyeitwa. Naye akirudi alfajiri, ndiye aliyewasha moto wa chai.

Likizo iliyopita nilimkuta jikoni gizani, sare ingali mwilini. Mama mmoja alikuwa amefariki baada ya kujifungua.

"Pole na kazi, Senge," nikasema, kama tusemavyo kila siku.

"Mwanangu, leo hiyo pole ilete pamoja na kiti, uketi."

Nikaketi. Alisimulia hadi jogoo wa kwanza.

Msomaji atanisamehe nikirejea kwenye sarufi, maana ndiko nilikokimbilia usiku ule. Kitenzi 'uguza' kimetokana na 'ugua' kama vile 'jaza' kilivyotokana na 'jaa'. Kwa umbo lake, basi, muuguzi angekuwa mtu asababishaye ugonjwa! Matumizi yamekataa, muuguzi ni amtunzaye mgonjwa. Hata hivyo, kuugua kumebaki ndani ya neno.

Mmarekani Dorothea Orem, katika kitabu chake cha mwaka 1971, aliujenga uuguzi juu ya wazo la kujitunza: mgonjwa asaidiwe pale asipoweza kujitunza mwenyewe. Watetezi wa uuguzi unaomtazama mtu mzima, yaani mwili, akili na roho, wanamgeuzia muuguzi hoja hiyo: naye apumzike, alie, asali, aseme yaliyomsonga. Nakubaliana nao, ila kwa tahadhari. Wauguzi wa hospitali za umma nchini Kenya walipogoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017, walidai mkataba wa malipo, si mafunzo ya kuvuta pumzi. Kumwambia aliyekesha peke yake na wadi nzima kwamba ajitunze ni kumwongezea zamu nyingine. Kiambishi 'ji' ni kifupi mno kubeba mzigo huo.

Siku hizi humpigia Senge simu kila Jumapili jioni. Siulizi habari za kazi. Naanza kwa kuuliza amekula nini. Juzi alijibu kwamba amekula ugali kwa mrenda, tena akiwa ameketi. Kisha akauliza kama mimi nimelala usingizi wa kutosha tangu nianze tasnifu. Nikajaribu kubadili mazungumzo, akakataa.